Picha Kutoka Kwenye Kigoda Chako

Bigwa, Morogoro
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na hii tafadhali uiitikie yote, maana ile ya kukuaga kwenye simu wiki iliyopita uliikata kabla "marahaba" haijatoka. Goti linasemaje? Bado linakuamsha mapema kuliko jogoo wa wifi? Na ng'ombe, yule uliyesema amekaribia, amezaa salama? Mimi mwanao ni mzima. Nimepungua kidogo kwa sababu ya milima, si kwa sababu ya njaa, kwa hiyo usianze kuwaambia watu wa usharika waniombee.

Ulisema, "Aika, kwenye simu wewe hunisikilizi, unasubiri tu zamu yako ya kusema. Kama una neno, liandike. Nitalisoma nimevaa miwani." Haya, vaa miwani. Bahasha hii nampa dada mmoja wa kwaya anayesafiri kwenda Moshi kesho, na ameahidi kuifikisha mwenyewe hadi Machame, mlangoni kwako.

Najua unachosubiri ni neno moja tu, ndiyo au hapana, kuhusu ule mti wa mringaringa nyuma ya jiko. Fundi wa mbao atapita kabla ya masika, nawe umeapa hutamruhusu kutia msumeno mpaka mimi niseme, kwa sababu Baba ndiye aliyeupanda na mimi ndiye niliyemshikia mche. Mdogo wangu Godi naye, ambaye kihamba chote, nyumba na shamba lake, ni chake, kazi yake ilikuwa kusema "muulize Dada" na kuwasha lori. Neno ninalo, Mama. Lakini unanijua, lazima nizunguke Machame nzima kabla sijafika jikoni. Nivumilie.

Nianze na za huku. Nakuandikia kutoka kwenye chumba changu cha Bigwa, chini ya mlima, feni inazunguka na bado natoka jasho. Joto la Morogoro mwezi huu halina adabu. Lakini tukipanda juu ya Kinole, kule kwenye msitu, ni kama nimerudi nyumbani. Kuna ukungu asubuhi, kuna matope, na ile sweta uliyonifumia siivui mpaka jua lipande kabisa. Tunakaa kambini kwenye kijiji cha mwisho kabla ya msitu, kisha tunashuka mjini siku chache kupeleka vipimo na kufua nguo. Safari iliyopita siafu walituhamisha hema tukiwa tunakula. Nilikimbia na sufuria mkononi, na sikumwaga hata mchuzi. Ungejivunia.

Ndizi zipo huku, nyingi tu, ila mtori hawaujui. Niliwapikia siku moja. Mwanahawa alikula bakuli zima, akafuta mdomo, akasema, "Dada Aika, uji wenu mtamu." Uji! Nilimsamehe kwa sababu aliomba tena. Huyo Mwanahawa ndiye mwenzangu wa kazi, Mluguru wa palepale kijijini, rika langu, ana kicheko kinachosikika ng'ambo ya bonde. Tunashika kamba ya kupimia, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule, na tunagombana siku nzima kuhusu nani ameilegeza.

Najua watu wakikuuliza Aika anafanya kazi gani, unajibu, "Anapima miti," halafu unageuza mazungumzo. Mama, si miti peke yake. Tunapima mwanga. Mkuu wetu, Dokta Kulwa, ni mwalimu wa chuo, Msukuma mpole asiyejua kupandisha sauti. Anataka kujua miche iliyo chini ya miti mikubwa inaishije kwa mwanga mdogo unaopenya, na mti mkubwa ukianguka ni nani anayeurithi ule uwazi.

Ukiingia msitu ule mara ya kwanza unadhani umeingia ndani ya nyumba. Juu kabisa ipo miti iliyotangulia, imetandaza matawi yake na kula jua lote la kwanza. Chini yake ipo ya kimo cha kati, inaokota yaliyobaki. Kisha vichaka, na chini kabisa, pale unapokanyaga, pana kiza cha kijani hata mchana kweupe. Jua linalofika huko ni vipande tu, vidogo kama sarafu, vinavyotembea polepole juu ya majani makavu upepo ukitikisa huko juu. Mche unaweza kupata kipande kimoja asubuhi, kikakaa juu ya jani lake muda wa mtu kunywa chai, kikaondoka. Hicho ndicho chakula chake cha siku.

Kuna mti wanauita mkani, mbegu zake zina mafuta. Miche yake ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Ina kimo cha goti, majani machache, nayo imesimama hivyohivyo miaka na miaka. Haifi, haikui. Mwanahawa ananionyesha mmoja ulio kando ya njia, anasema aliukuta akiwa msichana anayetumwa kuni, na hadi leo haujamfika kiunoni. Nilimuuliza unasubiri nini. Akanyoosha kidole juu, kwenye mti mkubwa uliotufunika, akasema, "Unamsubiri yule afe."

Sasa, kupima mwanga tuna kamera yenye kioo kilichotokeza kama jicho la chura. Tunaiweka chini, usawa wa mche, inatazama juu na kupiga anga lote kwa mara moja. Picha inatoka duara, nyeusi penye majani na nyeupe penye uwazi. Nyingi zinafanana na chapati iliyoungua ikatoboka hapa na pale. Kompyuta ndiyo inayopima ule weupe ni kiasi gani. Na sheria ya Dokta ni kwamba usiguse kitu. Jani likiziba kamera, liache lizibe, maana mche nao limeuziba.

Sikia sasa mwanao alichofanya, na ujue kwamba lawama nusu ni yako. Nani katika nyumba yetu aliwahi kupita kihambani mikono mitupu? Mtu akienda chooni anarudi na majani ya mgomba ya ng'ombe. Akitumwa kumwita Godi anarudi ameng'oa magugu shinani mwa mibuni, amevunja kitawi kilichokauka, na Godi mwenyewe amemsahau. Ulitulea hivyo, na mkono wangu umekua haujui kutembea bure. Basi kila nilipofika kwenye eneo langu la kupimia, nikingoja kamera itulie, mkono ulikuwa unafanya kazi zake. Ulikuwa unavunja tawi bovu na kufungua mmea uliojiviringisha, unachuma jani lililooza unalitupa pembeni. Haki ya Mungu, sikujua kama nafanya.

Siku ya kukusanya vipimo vyote tangu tuanze, Dokta Kulwa alikuta miche ya kwenye eneo langu imetoa majani mapya na kurefuka, wakati ya wenzangu imesimama vilevile. Mwanzoni alifurahi. Akadhani pana siri kwenye udongo. Akatandaza picha zangu mezani, ya kwanza hadi ya mwisho, na hapo kila mtu akaona chapati inavyozidi kutoboka.

"Aika, kuna mti ulianguka hapo?"

"Hapana, Dokta."

"Tawi kubwa labda?"

"Hapana."

Mwanahawa alikuwa ameinama juu ya zile picha. Akanitazama mikono, akatazama picha, akaanza kucheka mpaka akaegemea meza. "Dokta, huyu Mchaga amepalilia msitu!"

Eneo lile limeondolewa kwenye utafiti, Mama. Lile lote, na kazi yote niliyofanya pale. Niliona aibu, nikakaa nikingoja kuambiwa nifungashe. Dokta hakunifokea. Alisema tutachagua eneo jingine, na kwamba kuanzia sasa nikiingia msituni niweke mikono mfukoni. Wenzangu wananiita Bibi Shamba. Hata mpishi wa kambi ananiita hivyo, na yeye wali wake unaungua kila siku.

Tulipopata eneo jipya, kabla hatujaanza, Dokta akaniambia nilale chali, kichwa kando ya mche, nitazame juu mpaka aniambie niinuke. Kama ilikuwa adhabu au somo, mpaka leo sijui. Nikalala. Majani mabichi yakanilowesha mgongo. Mwanzoni niliona kijani tu, kizuri, kama picha za kalenda. Baada ya muda macho yakaanza kutafuta. Unatafuta kitobo, Mama, huna kazi nyingine. Ukikipata unakikodolea, upepo unapita, kinazibwa, unaanza upya. Nilianza kuuchukia ule mti mkubwa, mti uleule ambao nikiwa nimesimama huwa naupiga picha za kuwatumia watu. Na pale chini ndipo lilipokuja lile neno ulilonitupia kabla ya kukata simu: "Baba yako aliupanda ule mti. Mimi hakunipanda. Nilikuja hapa kwa miguu yangu."

Lilinichoma lile neno. Mimi nilikuwa nimekwisha kukujibu kwa mkato kwamba mti wa Baba haugusiki, na kwamba kama unataka jua, lipo tele shamba la chini. Nikasahau kwamba kati yako na shamba la chini pana ule mteremko, na kati yako na mteremko pana goti. Kipande cha nyuma ya jiko ndicho pekee unachoweza kukilima bila kubebwa na mtu. Ulinieleza yote hayo. Ulisema mibuni imejaa majani bila tunda, migomba imerefuka kutafuta jua na mikungu yake ni ya kutia huruma, na mboga yako ya mnafu inaota nyeupe. Ulisema ukuta wa jiko hauna siku unakauka. Nilisikia maneno yote, nami nilikuwa nasubiri tu zamu yangu ya kusema, kama ulivyonituhumu.

Jioni ile tulikuwa tunamenya magimbi, nikamsimulia Mwanahawa. Akaacha kisu.

"Ngoja kwanza. Mama yako ndiye anaishi hapo?"

"Ndiyo."

"Na ndiye analima hapo?"

"Ndiyo."

"Sasa anakuomba ruhusa wewe, uliyeko huku kwetu?"

Nikamweleza ya kwetu, kwamba kihamba kilikuwa cha Baba, na baada ya Baba ni cha mtoto wa kiume wa mwisho, na kwamba mti una heshima ya aliyeupanda. Alinisikiliza kwa adabu, lakini nikaona halimwingii. Kwao shamba linashuka kwa upande wa mama. Analolima yeye lilikuwa la mama yake, na kabla yake la bibi yake, na mumewe ndiye aliyehamia hapo na begi lake.

"Wewe huo mti unaujua wa zamani," akaniambia. "Kitanda usichokilalia, dada, kunguni wake utawajuaje?"

Nikarudi kwenye gimbi langu. Ni kweli ninaoujua mimi ni wa zamani. Namwona Baba anatoka kwenye bustani ya miche, mche umefungwa kwa gome la mgomba, mwembamba kuliko fimbo ya kuchungia. Mimi nimeushika wima kwa mikono miwili, yeye anashindilia udongo kwa kisigino, anauliza, "Umenyooka?" nami najibu umenyooka bila kutazama. Nawe ukatoka na sufuria mkononi, ukasema, "Hapo ni karibu mno na jiko." Baba akacheka, "Utakupa kivuli." Amekupa kweli, tena kwa kipimo cha kumwagika. Hakusema uongo. Hakujua tu kwamba utapita haja.

Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo huenda wewe unalijua nusu. Nilimpigia wifi yangu, Mama Joshua, nikamwomba mchana jua likiwa utosini aweke simu yake juu ya kigoda chako, kile unachokalia ukichambua mnafu nyuma ya jiko, ilale chali itazame juu, apige picha bila kusogeza kitu chochote. Mke wa Godi ni mtu mwenye subira, lakini aliniuliza mara mbili kama naumwa. Halafu akapiga.

Picha ilinifikia nimeshuka mjini, nimesimama kwenye foleni ya kununua vocha. Mama, kazi yangu ni picha za msitu, na sikuwahi kuona nyeusi kama ile. Yale majani mapana ya mringaringa yamefunika kila mahali, upande mmoja yamekutana na paa la jiko na upande mwingine yamekutana na migomba. Nilitafuta kitobo. Nikaikuza kwa vidole, nikatafuta tena. Kipo kimoja, upande wa bandani. Na pembeni, chini kabisa, umeingia wewe. Umeinama juu ya simu, kanga begani, umekunja uso, bila shaka unauliza kwa nini simu ya watu imelazwa kwenye kigoda. Ni saa sita mchana na uso wako umo kizani.

Nililia palepale kwenye foleni. Sikulia sana, lakini nakuambia mwenyewe. Yule muuza vocha, mama wa Kihindi mwenye duka, alinipa kiti na maji, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimemwona mama yangu.

Neno langu ni ndiyo, Mama. Ukate.

Lakini usikate ovyo, msikilize mpima mwanga wako. Kule juu kuna mahali upepo uliangusha mti mmoja mkubwa, ukaondoka na mingine miwili. Mimi nilidhani miche ya chini itashangilia. Jua liliiangukia ghafla, majani yake yaliyozoea kiza yakababuka, yakawa ya njano halafu ya kahawia, na kabla haijapata nguvu magugu na mimea ya kutambaa yakawa yameujaza uwazi wote. Mingi ilikufa kwa kile ilichokuwa ikikingojea. Iliyopona na kupanda haraka ni ile ya pembeni pembeni, iliyoongezewa jua kidogo kidogo. Mibuni yako imekaa kizani miaka mingi, nayo itababuka vilevile ukiivua mara moja.

Basi fundi akija sasa, mwambie apande kwanza, apunguze matawi ya upande wa jiko na ya upande wa bandani. Aishie hapo. Akibisha kwamba ana haraka, mwambie aende akaharakishe kwa mwingine. Shina aje aliangushe baadaye, masika yakishakolea na udongo umeshiba, na aliangushie upande wa njia, sio wa migomba. Siku hizo mibuni uitandazie majani ya mgomba shinani. Magugu yatatoka kwa fujo, utashangaa yalikuwa yamejificha wapi. Usiiname peke yako, mwite Mama Joshua. Magimbi yaache yalipo, yanapenda unyevu. Mnafu upande pale mbele ya kigoda, nataka nikija Krismasi nikute mweusi kwa ubichi.

Mbao mtapatana wewe na fundi, mimi simo. Ila bakiza kipande kimoja cha kutosha kigoda kipya, kile chako mguu mmoja umekwisha kuoza. Na chini ya mti wenyewe lazima ipo miche yake iliyojiotea, myembamba, inayongoja kama ile ya mkani. Mmoja uuhamishe. Safari hii mahali uchague wewe.

Nisalimie Godi akirudi na lori, mwambie kazi aliyonitupia nimeimaliza na namdai soda moja kwa kumwokoa. Wifi Mama Joshua mwambie asante, na kwamba siumwi. Shangazi mpe shikamoo yangu na umwambie sweta aliyoisema ni ya kizee ndiyo inayoniponya. Baba mdogo naye shikamoo. Najua ndiye atakayesimama uani aseme huu ni mti wa kaka yake. Usibishane naye. Mpe kigoda, mkaribishe chai, mwache akae pale nyuma ya jiko mchana mpaka kikombe kiishe. Akiinuka hajabadilika, anipigie mimi.

Limebaki jambo la mwisho. Kule msituni, kwenye kiza kilekile, kuna mmea ndugu wa isale letu, majani yake marefu yaleyale. Nilimweleza Mwanahawa kwamba kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale lililofungwa fundo, na akishalipokea hana budi kusamehe. Akataka kujua kama linafanya kazi kwa waume. Nikamwambia ajaribu, aniletee majibu.

Ndani ya bahasha utakuta majani mawili ya isale. Sikuyachuma msituni, mikono ilikuwa mfukoni. Nimeyaomba kwenye ua wa jirani hapa Bigwa. Moja lina fundo. Hilo ni lako, kwa yale niliyokujibu kwenye simu.

La pili sijalifunga. Siku watakapokuja kuangusha shina, kabla msumeno haujalia, lifunge wewe kwa mikono yako, ulipeleke kaburini kwa Baba. Usiombe msamaha, wewe huna kosa. Mwambie tu limetoka Morogoro, kwa yule aliyemshikia mche, na kwamba yeye ndiye aliyesema ndiyo.

Mwanao,
Aika